Konzi Moja ya Shaba

Mmemwona Riziki alivyorudi? Nimemtuma chumvi, amerudi na machozi. Eti Hamduni, mwenye duka la kona, amezitazama sarafu nilizompa, zile ndogondogo nilizozidunduliza kwenye kikombe, akasema yeye hapokei visarafu, mtoto akalete noti. Hapokei! Na baba yake alikuwa akiuza viberiti kwa njiti. Haya, futa machozi, mjukuu wangu, ukae hapa. Dukani utarudi na chumvi utaileta, lakini kwanza nikwambie cha kumwambia. Na nyinyi wakwe zangu, mbaazi hizo hazijimenyi zenyewe. Masikio yasikilize na mikono ifanye kazi.

Mji wetu huu wa Udongoni ulikuwa na sarafu muda mrefu kabla haujawa na sheria ya sarafu. Zilikuwapo za fedha, nyeupe, za wenye nacho, na zilikuwapo za shaba, nyekundu, za watu kama sisi. Zote zilipigwa chapa moja, chapa ya jembe, katika nyumba moja ya mtawala. Lakini anayepokea ndiye aliyekuwa mfalme. Ukimpelekea mwuza nyama shaba yako, anaigeuza, anaiuma, ananusa utadhani samaki, halafu anakwambia jembe limefutika, siitaki. Jirani yako analeta iliyochakaa kuliko hiyo, inapokelewa kwa bashasha, kwa sababu jirani ni mtu wake. Mwenye fedha nyeupe hakuulizwa kitu. Mwenye shaba alizunguka soko zima na pesa mkononi, na watoto nyumbani hawajala.

Mtawala wa wakati huo alikuwa mwanamke, Mwana Hidaya, mtu mwenye huruma ila mwepesi wa kukata shauri. Alipoyasikia hayo alikasirika, akapiga mbiu siku hiyo hiyo. Sarafu yoyote yenye chapa ya jembe, iwe ya fedha au ya shaba, iwe moja au iwe gunia, asiikatae mtu. Atakayeikataa, deni lake limekufa, na asidai tena. Watu walishangilia mpaka wakapoteza sauti. Mwana Hidaya akarudi ndani akiamini kazi imekwisha, akaomba chai.

Kumbe palikuwa na desturi moja ya zamani ambayo hakuifikiria. Malipo makubwa yalihesabiwa sokoni, juu ya jamvi, mbele ya watu. Aliyelipwa ndiye aliyehesabu, peke yake, kwa sauti, sarafu moja baada ya nyingine. Hakuna kumsaidia na hakuna kumsahihisha, maana zamani wasaidizi walikuwa wakizificha sarafu kwenye mikunjo ya nguo. Akipotea, anaanza upya. Mpaka amalize, mali ni ya mwenyewe aliyeileta, na jua likizama hajamaliza, basi siku ya kulipa imepita. Msicheke. Desturi hiyo ilikuwa imezuia magomvi mengi. Tatizo lake ni kwamba walioitunga walidhani kila mtu anataka kulipwa.

Sasa katika mji huo aliishi mfinyanzi mmoja, mjane, jina lake Mashavu. Alifinyanga vyungu, mitungi na vile vikaango vipana ambavyo leo mnavinunua vya bati halafu mnalalamika vinaunguza. Mwaka mmoja mto ulifurika ukaingia uani kwake, ukachukua vyungu vilivyokuwa vinakauka, ukabomoa tanuri, ukaondoka na kuku. Mashavu akabaki na mikono yake na binti yake Kibibi. Mikono haichomi vyungu bila tanuri, kwa hiyo akaenda kukopa.

Aliyemkopesha alikuwa tajiri anayeitwa Bwana Salimini. Mtu mnene, mpole wa maneno, hakupaza sauti hata siku moja. Akampa Mashavu fedha nyeupe za kujengea tanuri, na kwa desturi mbaya ya zama zile akamchukua Kibibi rehani. Msichana akae nyumbani kwa tajiri, afanye kazi za humo, mpaka mama yake alipe. Mwisho ni soko kubwa la baada ya mavuno, kabla jua halijazama. Alfajiri ya siku ya pili yake Bwana Salimini alikuwa anahama na nyumba yake nzima kwenda nchi ya ng'ambo ya milima, na rehani yoyote isiyokombolewa ingekwenda naye. Waliokwenda huko hawakurudi.

Basi Mashavu alifanya kazi. Nikisema alifanya kazi, msifikirie kazi zenu hizi za kupumzika kila mkifungua mdomo. Alichimba udongo, akaukanyaga, akafinyanga, akachoma, akabeba kichwani mwenyewe mpaka sokoni. Walionunua kwake walikuwa maskini wenzake, nao walilipa shaba. Kila jioni aliitia kwenye mtungi chini ya rundo la kuni. Ukijaa huo anafinyanga mwingine. Wenzake walimwambia, Mashavu, kazibadilishe hizo upate fedha, zitakuelemea. Lakini mbadilishaji wa sokoni alikuwa shemeji yake Salimini, na katika kila fungu alijikatia lake. Mashavu alipiga hesabu, akaona akikatwa pesa haitatosha. Halafu akakumbuka mbiu ya Mwana Hidaya, shaba haikataliwi, moyo wake ukatulia.

Siku ya soko kubwa alifika asubuhi na punda wa kuazima, mitungi inaning'inia huku na huku. Bwana Salimini alikuwa amekwisha kutandika jamvi. Nyuma yake alisimama Kibibi na pepeo la ukindu mkononi, anampepea bwana wake. Mama na mtoto walitazamana. Hawakuwa wameonana tangu siku ya mkopo, na Kibibi alikuwa amerefuka, kanga aliyoondoka nayo ilikuwa imemfupia. Mashavu alitaka kumkimbilia. Akajizuia, akamimina shaba.

"Karibu, Mama Kibibi," akasema Bwana Salimini, uso umejaa tabasamu. "Shaba tupu! Lakini sheria ni sheria, siwezi kukataa. Nitahesabu."

Akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu kama mtu anayechagua mchele wa harusi. Kila sarafu aliiinua, akalitazama jembe, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaiweka chini. Lilipokwisha kuwa fungu la kuonekana, akapita mtu anayemfahamu. Bwana Salimini akamsalimia, akamuuliza hali, akamuuliza hali ya mkewe, ya watoto, ya ng'ombe aliyekuwa anaumwa mguu. Alipogeuka akashika kichwa.

"Ala! Nilikuwa wapi? Basi tena, Mama Kibibi, uzee huo. Tuanze upya."

Mara ya pili alipiga chafya. Mara iliyofuata aliomba maji, akanywa, akasifu maji. Halafu akaagiza tumbaku. Kila akikaribia kufika mahali, anapotea, na kila akipotea anaomba radhi kwa adabu kabisa, ungemhurumia. Watu walianza kusogea. Kwanza walicheka, maana alikuwa anachekesha kweli, mtu mzima na heshima zake hawezi kuhesabu. Kisha kivuli cha ukuta wa soko kikaanza kurefuka, na vicheko vikakatika. Waliokuwa hawajaelewa wakaelewa. Kibibi yeye alielewa zamani. Alikuwa anapepea huku machozi yanamtiririka, na hakuthubutu kuachia pepeo ayafute.

Mashavu akamwendea Mwana Hidaya, ambaye siku za soko kubwa alikaa barazani hapo hapo kusikiliza mashauri. Akapiga magoti.

"Mwana, ananiua huyu. Hataki kulipwa, anataka mwanangu."

Mwana Hidaya alikuwa ameyaona yote. Akaita kwa sauti, "Bwana Salimini! Hesabu!"

"Nahesabu, Mwana," akajibu yule, ameinamisha kichwa. "Sijakataa hata moja. Sheria yako inaniambia nipokee, nami napokea. Haikuniambia nipokee upesi."

Mtawala aliona haya, na aliyekuwa karibu aliiona hiyo haya usoni. Mbiu yake mwenyewe, ile ya kushangiliwa, ilikuwa imekaa juu ya jamvi inamcheka. Akimpokonya Salimini kwa nguvu, kesho nani atakopesha? Nani ataamini jamvi? Akimwacha, msichana ndio kaenda. Akawa anasugua pete yake kidoleni.

Na pale kwenye jamvi Bwana Salimini akapiga chafya tena. "Lo! Tuanze upya."

Hapo Mashavu akainuka. Hakulia wala hakutukana, na mimi ningetukana. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye jamvi, akashika ncha zake, akalivuta na shaba zote mpaka upande wake.

"We! Unafanya nini?" Ndiyo mara ya kwanza watu kumsikia Bwana Salimini akipaza sauti.

"Hesabu imekatika," akasema Mashavu. "Umesema mwenyewe, tuanze upya. Mpaka umalize, mali ni ya aliyeileta. Hii ni mali yangu, nami nina shughuli nayo kidogo."

"Mwana!" akalia Salimini. "Ona anavyovunja desturi!"

"Sioni alichovunja," akasema Mwana Hidaya, akasogea ukingoni mwa baraza kutazama vizuri. "Hesabu yako imekatika. Utaanza atakapokuletea."

Mashavu akageukia soko. Alikuwa na sauti ile ya wauza vyungu, inayofika mtaa wa pili. Leo hakuuza chungu. Aliita, jamani, nani ana fedha nyeupe, moja tu, nimpe konzi ya shaba? Konzi, yaani kiasi kinachojaa kiganja. Hakujitokeza mtu, maana nani anataka kubeba shaba jioni? Watu wakatazamana. Mashavu akasimama peke yake na konzi yake mkononi.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa mwuza uji, Binti Chande, mwanamke mwenye mdomo mchafu ambaye kila mtu alimkwepa ila njaa ikimshika.

"Lete hapa," akasema. "Mbona mnatumbua macho kama vyura? Mimi uji wangu kila siku nalipwa shaba na sijafa. Na uji wenyewe naupika kwenye chungu cha Mashavu. Lete!" Akanyoosha mkono. Mashavu akammiminia, Binti Chande akazihesabu kwa kidole gumba, trrr, kama anayepukuchua hindi, akachomoa fedha moja nyeupe kwenye fundo la kanga. "Konzi moja si mzigo. Nani mwingine? Au mpaka niwataje kwa majina?"

Wakaja. Alikuja mwuza nyama, yule yule wa kunusa sarafu, safari hii hakunusa. Akaja mwuza mkaa, na msusi, na mzee mmoja aliyekuja sokoni kununua kamba tu. Kila mmoja alinyoosha mkono, akapokea konzi moja, akahesabu yake, akatoa fedha moja. Lile rundo lililomshinda mtu mmoja tangu asubuhi liliyeyuka machoni pao kwa muda wa chungu cha maji kuchemka. Watu walikuwa wanacheka tena, lakini kicheko kingine. Hata shemeji yake Salimini, mbadilishaji, alikuja kupanga foleni na sura ya aibu, na Binti Chande akamwambia wewe usijikatie kitu hapa, nakuona.

Mashavu akarudi na fedha nyeupe kwenye upande wa kanga, akazipanga juu ya jamvi mbele ya tajiri. Zile hazikuwa nyingi za kupotelewa. Bwana Salimini alijaribu kukohoa, soko zima likamkoholea. Akahesabu mpaka mwisho. Jua lilikuwa linagusa ukuta.

"Imepungua moja," akasema, na lile tabasamu likarudi.

Ilikuwa kweli. Fedha nyeupe za sokoni zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki kwenye mtungi wa mwisho kilikuwa shaba, kama konzi moja. Mashavu akaimimina juu ya jamvi. Bwana Salimini akaitazama, akajinyoosha mgongo, akachukua ya kwanza na kuifuta kwa kanzu. Mooo-ja.

"Bwana Salimini," akasema Mwana Hidaya. Alikuwa ameshuka barazani na kusimama mbele yake, na vumbi la soko limemjaa miguuni. "Nilisema shaba haikataliwi. Nilikosea kutosema kiasi gani. Rundo linaweza kukuzidi, nakubali. Hata mtu mwema rundo lingemzidi. Lakini konzi moja haimzidi mtu yeyote mwenye mkono. Nyoosha mkono wako."

Akawa hataki. Akauficha mkono kwenye kanzu.

"Unaikataa?" akauliza mtawala. "Ukiikataa, deni lote limekufa. Sema."

Bwana Salimini akanyoosha mkono.

"Desturi ya kuhesabu peke yako ni ya rundo la jamvini, si ya konzi ya mkononi. Na kwa kuwa wewe una chafya nyingi leo," akasema Mwana Hidaya, "atahesabu aliye nyuma yako."

Kibibi akaliweka pepeo chini. Akazunguka mbele, akaokota shaba za mama yake, akaanza kuzitia moja moja kwenye kile kiganja kinene alichokuwa akikinawisha kila siku. Alihesabu kwa sauti. Mwanzoni sauti ilikuwa nyembamba, haisikiki, kisha watu wakaanza kuhesabu naye, Binti Chande akiwa wa kwanza, mpaka yule mzee wa kamba nyuma kabisa akawa anahesabu kitu asichokiona. Sarafu ya mwisho ilikuwa imechakaa, jembe halionekani kabisa, limebaki duara tupu la shaba. Kibibi akamtazama Mwana Hidaya. Mwana akatikisa kichwa kukubali. Kibibi akaitia.

"Na hii," akasema. Halafu akaenda akasimama upande wa mama yake.

Mashavu alimshika binti yake mabega, akamgeuza huku na huku kama chungu kilichotoka tanurini anakitafuta ufa. Hakuuona. Ndipo akalia, akalia kwa kelele bila haya, na mwuza nyama naye akalia, ingawa baadaye alikataa katakata.

Mwana Hidaya hakuomba chai siku hiyo. Alisimama pale pale akapiga mbiu upya mbele ya watu, na mara hii aliifikiria. Konzi moja ya shaba asiikatae mtu, awe tajiri, awe mtawala mwenyewe. Zaidi ya konzi moja, anayepokea ana ruhusa ya kusema hapana, nataka fedha, ili asije mwingine akamwagiwa gunia la shaba kwa kukomolewa. Na mwenye shaba nyingi azipeleke nyumba ya mtawala, abadilishiwe bila kukatwa hata moja, maana chapa ni yangu, alisema, na mzigo wake ni wangu. Kisha akaipiga marufuku rehani ya watu. Hilo nilitaka kulisahau, na ndilo kubwa.

Basi mnajua watu wa Udongoni, hawakosi la kubishania. Kesho yake tu wakaanza, konzi ya nani? Ya anayelipa au ya anayepokea? Wenye mikono mikubwa walisema hivi, wenye midogo wakasema vile. Ikaamuliwa ni ya anayepokea, kwa sababu kipimo ni kile asichoweza kusema kimemzidi. Miaka mingi baadaye waandishi wa serikali wakaiandika kwa tarakimu, sarafu za namna hii mwisho kiasi fulani, za namna ile kiasi fulani, na watu wakaona ni mambo ya ofisini. Lakini mkono ndio uliotangulia.

Kibibi? Kibibi alikuja kukaa kwenye lile jamvi mwenyewe. Mwana Hidaya alimpa kazi ya kuwabadilishia watu shaba zao, na inasemekana hakuna aliyewahi kumwona anapotea hesabu.

Na kuanzia jioni ile mpaka leo hii, ndiyo sababu mtu wa Udongoni akiuza kitu hakuoneshi meza uweke pesa. Ananyoosha mkono. Wageni wanadhani ni uroho. Si uroho, ni ile ahadi, kwamba ulicho nacho, hata kiwe kidogo na kichakavu, ilimradi kinajaa kiganja, hakikataliwi hapa.

Mbaazi zimekwisha? Hata nusu bado! Haya, Riziki, chukua hizi sarafu, zipo zote. Nenda kwa Hamduni. Usimtukane, ni mkubwa wako. Mwamkie vizuri, kisha mwambie, bibi anasema nyoosha mkono.

...

Umerudi? Na chumvi hiyo! Alisema nini?

Hakusema kitu? Alinyoosha tu?

Haya. Tia kidogo kwenye mbaazi, na nyingine mpelekee mama yako.